Injini ya Baba na Daftari Lake



Vijana wa hapa kwetu Holili wameniuliza mara nyingi ni kwa sababu gani mtu wa umri wangu, mwenye mke na watoto na deni la karo za shule, hukaa barazani kila siku baada ya sala ya Alasiri akikwangua kwa msasa injini ya garimoshi isiyozidi urefu wa mkono wa mtu mzima. Wengine wameuliza kwa adabu, na wengine kwa kucheka. Bwana mmoja alinisimamisha mlangoni mwa msikiti, hali viatu vyangu vi mkononi, akataka kujua kama huo si mchezo mtupu, na kama fedha niliyoutolea si israfu. Sikuwa na jawabu fupi siku ile. Jawabu langu refu ni hili, nami namwomba mhariri anivumilie.

Baba yangu alikuwa gadi wa magarimoshi katika njia ya Tanga, ile njia ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, kisha Waingereza wakaifikisha Arusha mwaka 1929. Alipostaafu alihamia kwangu Holili. Mgeni apitaye hapa leo huona malori yaliyopanga foleni kwenye kituo cha forodha, ambamo tangu mwaka 2016 watu wa Tanzania na watu wa Kenya hufanya kazi chini ya paa moja, wala hadhani kwamba upande huu una habari yoyote ya reli. Lakini kusini ya hapa ndipo ilipopita njia ya Voi na Kahe, ambayo jeshi la Waingereza liliianza mwaka 1915 wakati wa vita, likaiunganisha na njia ya Tanga mwaka 1916. Kati ya Taveta na Kahe leo hapapiti garimoshi. Baba husema kwamba Mwenyezi Mungu amemleta kuzeeka kando ya reli iliyokwisha kunyamaza, kama yeye mwenyewe.

Macho yake yamekwisha. Presha ya macho iliyachukua polepole, moja kisha la pili, na mwaka wa sita sasa haoni hata mwanga wa taa.

Sasa nieleze kisa chenyewe. Usiku mmoja wa mwaka 1986 bibi yangu, mama yake baba, alishikwa na maradhi huko Same. Garimoshi la kwenda Moshi usiku ule lilikuwa la zamu ya baba. Alimpandisha mama yake katika behewa la gadi, akamlaza juu ya blanketi zake mwenyewe, na safari nzima akawa na kazi mbili: mkono mmoja ulishika taa, na mwingine ulishika mkono wa mama yake. Bibi hakuwa amepata kupanda garimoshi maisha yake yote, ijapokuwa mwanawe alikula mshahara wake humo. Alifariki hospitalini Moshi siku ya tatu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Baba hasimulii habari za hospitali. Husimulia injini: jinsi ilivyonguruma ikipanda kutoka Kahe, na jinsi bibi alivyofumbua macho akauliza, "Mwanangu, hiki kinachotuvuta kina jina?" Naye akamwambia kuwa hakina jina, kina nambari, akamtajia.

Magarimoshi ya abiria yaliporudi Moshi mwezi wa Desemba mwaka 2019, baada ya miaka mingi, nilimchukua baba hadi stesheni. Alisikiliza honi, akasikiliza breki, akatikisa kichwa. "Siyo," akasema. Njiani wakati wa kurudi akaniambia, kama mtu aombaye kitu kidogo, kwamba laiti angaliweza kuishika tena ile ya kwake kwa mikono.

Basi nikaanza kutafuta.

Injini ile ilikuwa ya dizeli, ya daraja la 73. Zilijengwa India, katika karakana kuu ya Varanasi, mji ambao wazee wetu waliujua zaidi kwa jina la Banaras, na zilipoletwa kwetu mwaka 1976 zilikuwa injini za kwanza ambazo karakana hiyo ilipata kuuza nje ya India. Wahindi huziita YDM4, na herufi hizo zina maana: ya kwanza ni alama ya njia yenye upana wa mita moja, ya pili ni dizeli, ya tatu ni kwamba yafaa kwa abiria na kwa mizigo. Lakini asili ya mchoro wake si India. Ni ya kampuni ya Alco ya Schenectady, katika jimbo la New York, Marekani. Habari hii ya ukoo niliidharau nilipoisoma mara ya kwanza, kumbe ndiyo iliyokuja kunifaa kuliko zote.

Sikupata kuona duka lolote linalouza mfano wa injini hizi zetu. Ndipo mtu hulazimika kuchagua mfano wa injini nyingine iliyo karibu nayo, kisha aubadilishe. Katika kuchagua, vijana, msitazame rangi. Rangi ndiyo ya kwanza kuvuta macho, na ndiyo ya kwanza kutoka kwa msasa. Tazameni vitu ambavyo mkono wenu hautaweza kuvibadilisha: upana wa njia, idadi ya ekseli na jinsi zilivyopangwa, na mahali kilipo kibanda cha dereva. Mtu wa Nairobi atakaye mfano wa zile injini za English Electric zilizoanza kuja Afrika Mashariki mwaka 1960, ambazo kwanza ziliitwa daraja la 90 kisha daraja la 87, lazima ahesabu ekseli nane, yaani kila upande ekseli tatu zenye mota na moja mbele yake ya kubeba uzito tu. Akipaka rangi hizo juu ya injini ya ekseli sita, atakuwa amemvika mtu nguo ya mtu mwingine.

Kipimo nacho kinataka hesabu. Mwanangu wa pili, aliye darasa la saba, ndiye niliyemkalisha na kalamu, maana shule ilimwambia kwamba kugawanya kwa desimali hakuna faida nje ya mtihani. Waingereza wana mifano iliyoenea sana ambayo injini yake imepunguzwa mara 76.2, lakini reli yake ina upana wa milimita 16.5. Zidisha, utapata kama milimita 1,257, hali reli yao ya kweli ni 1,435. Yaani kwa miaka na miaka watu wazima wenye elimu wamefurahia magarimoshi yanayokwenda juu ya njia iliyopunjwa sentimita 17 na zaidi, na hawaoni haya! Iko mifano iliyopunguzwa mara 87 juu ya reli ya milimita 12, kwa ajili ya njia za mita moja. Hiyo hutoa milimita 1,044, si mbaya. Lakini ni midogo mno. Vidole vya mzee asiyeona vingesoma nini juu ya kitu chembamba kama sanduku la kalamu?

Ikabaki mifano mikubwa iitwayo LGB, iliyoanzishwa na kampuni ya Lehmann ya Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1968, na tangu mwaka 2007 imo mikononi mwa kampuni ya Märklin. Hiyo imepunguzwa mara 22.5, na reli yake ni milimita 45. Mwanangu akazidisha: milimita 1,012 na nusu. Akazidisha tena, akidhani amekosea. Ni mita moja, na ziada ya sentimita moja na robo.

Na miongoni mwa mifano hiyo imo injini ya Alco ya reli ya White Pass, itokayo bandari ya Skagway, huko Alaska, ikapanda milima na kuingia Kanada. Reli ile ilianza kupata injini za aina hiyo mwaka 1969, nazo ni za ukoo ule ule wa daraja letu la 73: ekseli tatu mbele, ekseli tatu nyuma, na kibanda karibu na ncha moja. Ila reli yao ni nyembamba, milimita 914 tu. Kwa haki ingestahili kuwa juu ya njia ya milimita 40 na kidogo, lakini mtengenezaji aliiweka juu ya 45 kama mifano yake mingine. Kosa la Alaska likawa ndiyo sahihi ya Kahe.

Binamu yangu aliyeko Ujerumani aliipata iliyokwisha kutumika, ikaja na msafiri hadi Mombasa, kisha kwa basi hadi Taveta. Bei yake ilikuwa kama ya mbuzi watatu wa hapa kwetu. Nilikuwa nimeweka akiba ya viti vipya vya sebuleni. Mke wangu ndiye aliyesema kwamba viti vya zamani bado vinakalika. Bwana aliyeniuliza habari ya israfu na apokee hesabu hiyo, na akija nyumbani atakalia viti hivyo hivyo.

Wako pia walioniuliza habari ya sanamu. Katika Hadithi tunasoma kwamba Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awe radhi naye, alijiwa na fundi aliyepata riziki kwa kuchora sanamu, akamwonya vikali, kisha akamwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Injini haina roho, ingawa wanaoipenda husema vinginevyo. Ndani ya kibanda cha ile niliyoletewa palikuwa na kidereva cha plastiki chenye kofia. Wako wanavyuoni wanaoruhusu vitu vya kuchezea vya watoto vyenye sura, kwa habari ya Bibi Aisha na farasi wake mwenye mbawa, wala simhukumu mtu. Mimi nilikitoa.

Nikampakatisha baba ile injini kama ilivyotoka sandukuni. Alianza kwa magurudumu, akayahesabu, akaridhika. Akapanda kwenye vishikio vya pembeni. Akafika mbele, mkono ukapita juu ya pua, mahali ambapo injini ya Alaska imeshushwa chini ili dereva aone mbele, na mkono ukaanguka kana kwamba umekosa ngazi. "Hii si yetu," akasema. "Yetu pua yake ilisimama juu, karibu ilingane na paa. Dereva alichungulia kwa ubavuni." Akagusa na lile jembe la chuma la mbele, akauliza ni la nini. Nikamwambia ni la kusukuma theluji. Alicheka mpaka akakohoa, maana theluji yetu iko Kibo, na hakuna garimoshi lililopata kuifikia.

Jembe nililikata siku ile ile. Pua ilinichukua miezi miwili. Ninayo picha moja tu, nyeusi na nyeupe, ambayo baba alipigwa stesheni ya Moshi akiwa ameegemea injini ya daraja hilo. Kuegemea kule kulikuwa neema, kwani kitu kikiwa karibu na kamera huonekana kikubwa kuliko kilicho nyuma yake, na kama angalisimama hatua mbili mbele, kimo chake kisingenifaa kwa kipimo. Baba ana sentimita 168. Katika picha ana milimita 21. Basi kila milimita ya picha ni sentimita 8 za kweli, na kutokana na hapo nikapima urefu wa pua, kimo chake, na mahali pa dirisha. Kwa mfano wenyewe, baba ni kama milimita 75. Nilichonga kijiti cha urefu huo, kisicho na kichwa wala uso, nikawa nakisimamisha kando ya injini kila nilipokuwa na shaka.

Niliondoa paa la pua kwa msumeno wa chuma, nikainua kuta zake kwa plastiki niliyoikata katika ubao wa tangazo uliotupwa, nikaziba viungo, nikapiga msasa. Baba akaishika, akasema imezidi. Nilibisha kwa adabu, nikarudi kwenye picha, nikakuta nimezidisha milimita 3. Kwa macho yetu milimita 3 si kitu, lakini zizidishe kwa 22.5, ni karibu sentimita 7 za chuma. Vidole vyake vilikumbuka sentimita 7 baada ya karibu miaka arobaini! Nikakwangua tena. Vishikio nilivitengeneza kwa waya wa shaba nikavilehemu, na hapo nikaungua kidole gumba.

Habari ya rangi ni fupi. Picha haisemi rangi, na injini hupakwa upya mara kwa mara. Baba alinieleza ile anayoikumbuka ya mwaka ule, nami nikaipaka, kisha chini ya mfano nikaandika kwa kalamu kwamba rangi hii ni kwa kauli ya shahidi mmoja.

Mwisho nikaandika nambari ubavuni, kwa brashi: 7304. Ndiyo nambari niliyoisikia tangu utoto wangu, ndiyo aliyomtajia mama yake. Nilimshika mkono nikampitisha juu yake, ijapokuwa rangi haisomeki kwa vidole, naye akaitamka kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu.

Wiki moja baadaye, nikitafuta karatasi za kiinua mgongo chake ndani ya sanduku la bati, nilikuta daftari zake za safari. Gadi huandika kila safari: tarehe, saa ya kuondoka kila stesheni, idadi ya mabehewa, na nambari ya injini. Nikaufungua mwaka 1986. Ukurasa ule niliutambua upesi, kwani chini yake, mahali pasipokuwa na mstari, alikuwa ameandika neno moja tu: Mama. Na nambari ya injini, kwa mkono wake ulio wazi kama chapa, ilikuwa 7309.

Ndugu wasomaji, nakiri kwamba kwa siku tatu sikumwambia. Nilijipa sababu nzuri. Nilisema kwamba wema kwa wazazi ni faradhi, na kwamba mzee wa miaka themanini na ushei aachwe na nambari yake. Nilisema pia, na hili lilikuwa baya zaidi, kwamba naweza kuifuta ile 4 usiku nikaandika 9. Mfano utakuwa sahihi, naye atabaki na furaha yake, kwa kuwa haoni. Nilikwisha kuushika msasa. Ndipo nikakumbuka kisa cha Mtukufu Mtume, s.a.w., aliyepita sokoni akatia mkono wake ndani ya rundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu uliofichwa chini ya ile kavu, akamkemea mwenye mali kwa kuificha. Mimi nilikuwa naandaa rundo langu, tena mnunuzi ni baba yangu, tena kipofu. Niliyekuwa nimemkaripia Mwingereza kwa milimita za reli nilikuwa radhi kumpunja mzazi wangu habari nzima. Nikauweka msasa.

Nilimwambia baada ya sala ya Isha. Nilimsomea ukurasa wote, saa baada ya saa: Same, Lembeni, Kahe, Moshi. Nikamsomea nambari. Alikaa kimya kwa muda ambao sikuupenda. Nilitaka kumsaidia, nikasema huenda alikosea kuandika, kwani usiku ule alikuwa na mtihani mkubwa.

"Hapana," akasema. "Huyo aliyeandika alikuwa na macho, na usiku wenyewe ulikuwa haujapita. Mimi nina kusimulia tu." Kisha akanikumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani Tukufu inahusu kuandika deni, na kwamba maandishi yameamrishwa kwa sababu shahidi husahau. Baada ya hapo akauliza, si mimi hasa aliyeniuliza, "Basi nilimwambia mama nambari gani?" Akajijibu mwenyewe: "Nilimwambia hii. Ndiyo iliyokuwa mbele yetu."

Akanitaka niifute ile 4. Lakini akasema kwamba safari hii hataki nambari ya rangi. Anataka nambari iliyoinuka, ili siku nyingine asihitaji kumwamini mtu. Nilistahili neno hilo, ingawa sidhani kama alilikusudia kwangu.

Nimezikata tarakimu katika plastiki nyembamba kwa wembe, mbili za kila namna, kwa pande zote mbili za injini. Ijumaa iliyopita nilimpakatisha tena. Alipita juu ya 7, juu ya 3, juu ya 0, akafika kwenye ile ya mwisho, akaizungusha kidole mara mbili, tatu. "Tisa yako ina tumbo," akasema. "Za reli zilikuwa nyembamba kuliko hii."

Nikaitazama picha kwa kioo cha kukuzia, nikaona kwamba ni kweli. Nimekata nyingine mbili, na gundi yake inakauka hapa mezani ninapoandika haya.